Chai ya Bahari na Mboga ya Pwani

Mama mkwe wangu hakuhamia mjini kwa kupenda. Goti ndilo lililomhamisha. Umri wake wote alikaa Chwaka, akalea watoto pale, na kilimo cha mwani kilipoingia Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980 naye akaingia majini na wenziwe, akafunga kamba na vigingi mpaka mgongo ukazoea. Siku goti lilipokataa kumfikisha kwenye vigingi vyake, mwanawe mkubwa, ambaye ndiye mume wangu, alimfuata akamleta kwetu Mwanakwerekwe, karibu na hospitali na mbali na maji ya chumvi.

Tulimpokea kwa furaha. Chumba tulimpa kile kinachopata upepo, na watoto wakawa wanapokezana kumsomea na kumkanda mguu. Kilichotutia wasiwasi ni chakula. Mchicha aliusogeza ukingoni mwa sahani. Kisamvu alikionja kwa heshima ya mpishi. Nikimwambia, "Mama, hujala," ananijibu, "Nimekula, mwanangu, alhamdulillahi," na wali bado uko vilevile nilivyoupakua. Binti yetu mkubwa ndiye aliyemwuliza bila kuzunguka: "Bibi, roho yako inataka nini hasa?"

"Mboga ya pwani," akasema. "Mboga zenu za huku ni nzuri, lakini hazina bahari ndani yake."

Kwa asiyeijua, mboga ya pwani ni mmea unaotambaa mchangani, pale ambapo maji ya bamvua hufika na kurudi. Utaukuta nyuma ya mikoko, jirani na mlakasa, mahali ambapo mchicha haungemaliza hata siku mbili. Shina lake ni jekundu au la kijani, limegawanyika kwa vifundo, na kwenye kila kifundo hutoka majani mawili yanayotazamana, yanang'aa, nono kama vidole vya mtoto mchanga. Ukilivunja jani, utaona maji safi yakichuruzika. Ukilitafuna, ulimi hukutana na chumvi kabla ya ladha nyingine yoyote. Maua yake ni madogo, ya waridi, yenye ncha tano, na hufunguka saa chache tu za mchana kisha yakajifunga. Wataalamu wa mimea huuita Sesuvium portulacastrum, na unaota katika pwani nyingi za joto duniani, kuanzia hapa kwetu mpaka visiwa vya Karibi. Ufilipino wanauita dampalit na wanautia achari. Sisi tunauchemsha, tunaukamua, tunauunga kwa nazi.

Mume wangu ni mtu wa kutenda. Mama alipokwenda Fuoni kukaa kidogo kwa wifi yangu, yeye aliwasha vespa yake akaenda Chwaka, akarudi magharibi na gunia limejaa mboga mbichi, mashina marefu yaliyong'olewa na mizizi yake. Nia yake ilikuwa njema kabisa: Mama akirudi akute mboga ya pwani inaota uani, aichume kwa mkono wake mwenyewe. Nusu tuliigawa kwa majirani na kuila. Nusu aliipanda.

Aliipanda kwa mapenzi yote. Alitafuta beseni kubwa la plastiki, la kufulia, zima, lisilo na tundu hata moja. Akalijaza udongo mweusi, akachanganya na samadi ya ng'ombe. Akawapa watoto zamu ya kumwagilia maji ya bomba asubuhi na jioni. Watoto nao, kwa kumpenda Bibi yao, wakawa wanaongeza na zamu ya mchana.

Kwa siku za mwanzo mboga ilisimama vizuri. Kisha majani ya chini yakageuka ya njano, yakawa yanapitisha mwanga. Baada ya hapo mashina yakalainika usawa wa udongo. Ukilishika moja kwa vidole viwili lilibaki mkononi, na kule lilikokatika palikuwa peusi, panateleza, na panatoa harufu ya mtaro. Mizizi yote ilikuwa ndani ya tope lisilopitisha hewa. Watoto walipoona majani yananyauka waliongeza maji. Kadiri walivyoongeza ndivyo yalivyozidi kunyauka.

Mama aliporudi kutoka Fuoni alionyeshwa beseni. Aliomba kiti, akakaa karibu yake, akatia kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili.

"Mmeipa maji ya kunywa?"

"Ndiyo, Mama. Asubuhi na jioni."

"Na samadi?"

"Na samadi."

"Basi mlikuwa mnatunza mchicha," akasema kwa upole, akamshika mwanawe mkono. "Hii si mchicha, baba. Hii huko kwao inanyweshwa na bamvua, kisha maji yanakwenda zake, mchanga unakauka, jua linawaka. Hailali majini."

Mpwa wangu anayesoma kilimo alikuwapo siku hiyo, akatufafanulia kwa namna yake maneno yale yale. Mimea mingi ikipata chumvi nyingi hufa, kwa sababu chumvi huvuruga kazi ya seli na kuzuia mizizi kuvuta maji. Mboga ya pwani huiingiza chumvi hiyo mwilini, ikaifungia ndani ya vijifuko vya maji vilivyomo kwenye seli za majani, mbali na sehemu ambako ingeleta madhara. Ndiyo maana majani ni manene na yana ladha ya bahari: kile tunachokionja ni hazina ambayo mmea umeiweka akiba. Chumvi ikiwa ya kiasi, kati ya robo na nusu ya ukali wa maji ya bahari, mmea huu hustawi kuliko ukipewa maji matupu. Nchini Tunisia wanasayansi wameufanyia majaribio ya kuupanda kwenye ardhi iliyoharibiwa na chumvi, ili uivute chumvi kutoka udongoni na kuibeba kwenye majani.

Mume wangu alisikiliza yote hayo kwa makini, na kilichomkaa moyoni ni neno moja: bahari.

Kesho yake alikwenda Mazizini na madumu. Akawa anakwenda kila akipata nafasi, anajaza maji ya bahari, anayafunga kwa mpira nyuma ya vespa, anarudi nayo polepole huku gari zikimpigia honi. Alitoboa beseni matundu chini, akatupa lile tope, akatia mchanga, akapanda vipande vilivyosalimika. Hapo alikuwa sawasawa. Lakini aliyanyunyiza maji ya bahari vilevile yalivyo, bila kuyachanganya, na kila siku. Huko ufukweni mvua hunyesha na bamvua hurudi kuosha. Kwenye beseni chini ya jua la Mwanakwerekwe maji yalipaa, chumvi ikabaki, na juu ya mchanga pakafanya ukoko mweupe. Mboga haikufa. Ilijikunja, majani yakawa madogo na mekundu, ikakaa hivyo hivyo bila kukua wala kuoza. Mama alimwambia apunguze. Akasema atapunguza madumu yakiisha.

Madumu hayakuisha, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anayajaza. Yalipangwa kwenye ukumbi mwembamba unaokwenda jikoni, kwa kuwa uani watoto walikuwa wanayageuza magoli. Na upande wa pili wa ukumbi huo huo ndipo tunapoweka madumu ya maji ya kunywa.

Wakati huo nyumba yetu ilikuwa na jambo lingine. Binti yetu mkubwa alikuwa amepata mchumba, kijana mwenye adabu kutoka Makunduchi, na wazee wake wakatuma salamu kwamba watakuja kuposa. Nyumba ikageuka. Wifi yangu alikuja alfajiri kutoka Fuoni kusaidia usafi. Yeye akishika fagio, hata kuta huona haya. Ami yake mume wangu alikuja na kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Sambusa zikakaangwa, vitumbua vikapikwa, kahawa ikatiwa kwenye chupa. Binti mwenye posa akawekwa chumbani kwa Bibi yake, na mdogo wake akapewa jukumu la chai.

Saa mbili asubuhi bomba likakauka. Si jambo geni kwetu, ndiyo maana tuna madumu. Binti mdogo akatia mkono ukumbini akachukua dumu, maji meupe, safi, hayana uchafu wala harufu, akajaza birika kubwa. Akatia mdalasini, iliki, tangawizi ya kutwanga na majani ya chai. Akatia sukari kwa kipimo chake cha kila siku. Hakuonja, kwa sababu alikuwa amefunga sunna.

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita. Birika letu linachukua lita 2. Kwa hiyo wazee wa Makunduchi walikaribishwa kwa chai ya rangi nzuri sana, inayonukia iliki mpaka mlangoni, yenye gramu 70 za chumvi, yaani vijiko vikubwa vinne hivi.

Mzee mkubwa wao ndiye aliyeanza. Alisema bismillahi, akanywa funda, akatulia. Hakukunja uso. Aliweka kikombe kwenye kisahani taratibu, akauliza habari za mvua. Wa pili akanywa, akatazama dari. Wa tatu, kijana kuliko wenziwe, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na ami yetu, akidhani ni tangawizi, akamhimiza, "Ongeza, ongeza, inafungua kifua!" Kisha naye ami akanywa chake.

Sisi wanawake tulikuwa chumba cha ndani, mlango umeachwa wazi kidogo. Nilimwona ami akigeuka kumtazama mume wangu, na mume wangu akanyanyua kikombe, akaonja, akafunga macho. Alikuwa ameitambua bahari ya Mazizini. Katika mila zetu, ukarimu wa kwanza wa nyumba ya binti ndio unaozungumzwa miaka na miaka. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio kwa ajili ya yule mtoto aliyekaa chumbani kwa Bibi yake, mikono juu ya mapaja, hajui kilichopita nje.

Mama ndiye aliyesimama. Aliomba fimbo yake, akatoka mpaka mlangoni mwa sebule, akawaamkia wazee wale kwa majina ya koo zao, maana Chwaka na Makunduchi wanajuana. Kisha akaomba kikombe, akaonja mbele yao.

"Wazee wangu," akasema, "mmekunywa maji ya bahari, na mmeyanywa kwa adabu. Sababu ya maji haya kuwapo jikoni ni mimi. Mwanangu huyu anabeba bahari kutoka Mazizini kwa vespa, anipandishie mboga ya pwani, kwa kuwa mama yake ameikosa. Mjukuu wangu mdogo amechukua dumu silo. Basi mmeijua nyumba mnayotaka kuoa: ni nyumba ambayo watoto wake hubeba bahari kwa ajili ya wazee wao."

Mzee mkubwa akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Akasema kwao Makunduchi mama yake alikuwa akiipika mboga hiyo kwa tui zito na ndimu, na tangu alipofariki hajaipata tena mezani. Akaomba aonyeshwe mmea wenyewe kabla maneno ya posa hayajaendelea. Mume wangu, nuru imemrudia usoni, akawatangulia uani.

Beseni lilikuwa limeoshwa linang'aa, limefunikwa kifudifudi ukutani.

"Wifi," nikamwita, "vile vilivyokuwamo?"

"Yale majani mekundu yaliyokauka?" akasema wifi yangu, ufagio bado mkononi. "Nimeyakatakata kwa panga, nikayatupa kule pembeni kwenye jiwe la samaki, nikafukia na mchanga. Wageni waje wakute takataka?"

Mume wangu hakusema kitu. Chai nyingine ilichemshwa, binti mdogo akatulizwa akafutwa machozi, na posa ikakubaliwa kabla ya adhuhuri. Wazee waliondoka na vitumbua vilivyofunikwa kwa kawa. Lakini jioni ile, shamrashamra zilipokwisha, nilimkuta mume wangu amekaa kwenye ngazi ya uani anatazama beseni tupu, na Mama amekaa kando yake. Mama alikuwa anamwambia kwamba mboga si kitu, kwamba ameshaonja nia yake, na hiyo imemshibisha. Nami nilijua kwamba haikumshibisha, kwa sababu usiku ule pia alirudisha sahani.

Pembe ile ya jiwe la samaki hatuifikirii sana. Ipo mwisho wa uwanja, jua linaipiga tangu asubuhi mpaka alasiri. Kulibaki rundo la mchanga wa ujenzi tulipojenga ukuta, na ndipo tunapoosha samaki kwa maji matupu, bila sabuni, na ndipo tunapomwaga maji tuliyorowekea papa mkavu na ng'onda ili kupunguza chumvi kabla ya kupika. Maji hayo hunywewa na mchanga mara moja. Mvua ikinyesha huosha kila kitu, kisha tunamwaga tena.

Wiki zilipita. Mvua za vuli zilinyesha kidogo zikakatika. Siku moja nikiwa nasafisha changu, kisu kilinidondoka nyuma ya jiwe, nikainama kukitafuta, na mkono wangu ukagusa kitu chenye baridi na unyevu. Lilikuwa jani nono, la kijani kibichi, linang'aa. Nilisogeza magamba ya samaki na mchanga wa juu. Kutoka kwenye kipande cha shina kisichozidi urefu wa kidole, kilichokatwa kwa panga pande zote mbili, machipukizi mawili yalikuwa yametoka juu ya kifundo, na chini ya kifundo hicho hicho nyuzi nyeupe za mizizi zilikuwa zimeshika chembe za mchanga kwa nguvu, hata nilipotikisa hazikuachia. Pembeni yake kulikuwa na kingine. Na kingine. Kila mahali ambapo panga la wifi lilikuwa limeacha kifundo kizima, kifundo hicho kilikuwa kimeanza maisha yake.

Nilimwita Mama. Nilimwita kwa sauti iliyowatoa majirani nje wakidhani kuna msiba.

Tangu siku hiyo Mama ndiye mwenye pembe ile, na hakuna anayemwaga kitu pale bila kumwuliza. Alitufundisha kwa kuonyesha, kiti chake kimewekwa kivulini na sisi tumechutama mchangani.

Kipande cha kupandia hukatwa kwenye shina lililokomaa kidogo, si ncha laini mno wala kigogo cha zamani, kiwe na vifundo vitatu au vinne. Majani ya vifundo vya chini hupuruzwa, kwa sababu jani likizikwa huoza na kuoza kwake huhamia kwenye shina. Kipande kikae kivulini siku moja ili jeraha likauke. Kisha vifundo viwili huzikwa kwenye mchanga wenye unyevunyevu, kwa kukilaza kipande ubavu au kukiinamisha, maana mmea huu ni wa kutambaa na kila kifundo kitakachogusa ardhi kinaweza kutoa mizizi. Mwanzoni ni maji matupu, kidogo, mpaka mizizi ishike. Baada ya hapo husubiri mchanga ukauke juu ndipo hunyweshwa. Maji yenye chumvi ni mara moja moja, na maji ya bahari huchanganywa na maji matupu: kopo moja la bahari kwa makopo mawili au matatu ya bomba. Anayepanda kwenye chombo ahakikishe kina matundu, na mara kwa mara amwagilie maji matupu mengi yapite mpaka chini, ili chumvi iliyojikusanya iondoke. Mbegu pia zipo, nyeusi, ndogo sana, ndani ya kijikasha kinachofunguka juu kwa kifuniko, lakini mwenye kipande cha shina hana haja ya kuhangaika nazo.

Mtihani uliobaki ulikuwa kuku wa jirani, waliogundua vichipukizi kabla ya sisi kuvionja. Mume wangu aliwazuia kwa wavu wa kuvulia uliochakaa, aliouzungushia pembe yote kwenye vijiti. Mama aliufurahia wavu ule kuliko kitu chochote alichonunuliwa tangu ahamie mjini. Kila asubuhi huunyoosha mwenyewe.

Siku ya kuchuma ilipofika alikataa kisu. Alikata ncha kwa kucha, juu ya kifundo, akaacha shina lichipue tena. Niliosha mara kadhaa mchanga utoke, nikachemsha kwenye maji mengi, nikamwaga maji yale, nikakamua. Kumwaga maji ni lazima, kwa sababu ndiyo yanayoondoka na sehemu ya chumvi, na nyumba nyingi zina mzee mwenye presha. Mwenye presha ale kidogo na kwa ushauri wa daktari wake. Kisha kitunguu, nyanya, pilipili nzima isiyopasuliwa, tui jepesi halafu tui zito, na ndimu mwishoni. Chumvi haitiwi. Tulikula kwa wali na changu wa kukaanga. Mama alikula sahani yake, akaomba nyingine, na hakuna aliyezungumza mpaka alipomaliza, kwa hofu ya kumkatiza.

Majirani walikuja kuomba mbegu, na Mama huwapa vipande, lakini kila anayepewa hukalishwa kwanza aelezwe. Humwambia atofautishe mboga hii na ile nyingine ya uani, inayotambaa vilevile lakini ina maua ya njano na haina chumvi. Humwambia kwamba mmea ukivunjwa ukatoa utomvu mweupe, huo si wa kula, autupe. Na humkataza kabisa kuichuma kwenye mitaro ya maji machafu, kando ya gereji na bandarini. Katazo hilo mpwa wangu alilitilia nguvu: mboga hii haivuti chumvi peke yake, huvuta pia metali za sumu kama kadimi zikiwapo ardhini, na kuziweka mwilini mwake. Sifa inayoufanya mmea huu uwe msafishaji wa ardhi ndiyo inayodai tuujue mchanga tunaouchumia.

Na wanaokwenda kuchuma pwani huwaambia wakate, wasing'oe. Mume wangu alisikia hilo mbele ya watu na akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Mashina yale ndiyo yanayoshika mchanga usichukuliwe na upepo na mawimbi. Ufukwe wa mashariki ya Unguja unajengwa mwaka hadi mwaka, na mahali alipochuma Mama alipokuwa binti leo pana ukuta wa hoteli. Kipande kimoja chenye vifundo vitatu kinatosha kuanzisha pembe nzima ya uani. Aliyeng'oa gunia ameondoa kitanda cha mboga ambacho kingelisha mtaa.

Binti yetu ameshaolewa. Katika vyombo alivyokwenda navyo Makunduchi kulikuwa na kopo la bati lililotobolewa chini, lina mchanga na mboga ya pwani, na baba mkwe wake, yule yule mzee aliyekunywa funda la kwanza, amelipa nafasi mlangoni mwake. Huku Mwanakwerekwe bomba bado hukauka asubuhi tunapolihitaji, na mchicha wetu hukauka nalo. Pembe ya Mama haitikisiki. Inataka mchanga, jua, na chumvi kidogo, na hivyo Unguja hatujavikosa. Nyumba yoyote yenye mzee aliyelelewa na mboga hii ina mwalimu ndani yake. Mpandieni kipande kimoja, mumwekee kiti karibu, na madumu ya bahari yaandikwe kwa rangi nyekundu.